Madamu Zubeda Hakunionea Huruma

Aliyeniomba niandike haya ni sista mmoja wa kliniki nilikomalizia dawa zangu. Hapa Durban muuguzi tunamwita sista, awe na mume au asiwe naye. Aliniambia kwamba wapo wagonjwa wapya wanaokuja kwake wakiwa wamekwisha kujizika wenyewe, na wengi wao ni watu wetu wanaosema Kiswahili. Wangefurahi kumsikia mtu aliyepita njia hiyo akatoka. "Waandikie kitu cha kuwatia moyo," alisema. "Waandikie juu ya shukrani."

Nitafika kwenye shukrani. Lakini nikianza na shukrani nitakuwa nimewadanganya, kwa sababu miezi ile yote kilichonifanya nimeze vidonge kila asubuhi hakikuwa shukrani. Nilitaka kupona ili nimlipize mtu mmoja.

Jina langu ni Neema. Nilizaliwa Uvira, huko Kongo, na nilipofika Durban nilipokelewa na dada yangu mkubwa, Yaya Esperance, ambaye anasuka nywele katika saluni moja mjini. Nilikaa kwake, katika fleti ndogo, pamoja na mumewe na watoto wao wawili. Mchana nilisoma ushonaji katika chuo cha ufundi. Nilikuwa mwaka wa mwisho, na kila mwanafunzi wa mwaka ule alitakiwa kushona koti zima kwa mikono yake, kuanzia karatasi za kukatia mpaka tundu la mwisho la kifungo. Mwisho wa mwaka wenye maduka na viwanda walikuja kuyatazama makoti hayo. Koti ndilo lililokupa kazi au kukunyima.

Mkuu wa idara yetu alikuwa Mkenya, Mwalimu Nzioka. Alikuwa pia mzee wa kanisa letu, lile tunalosali kwa Kiswahili, na sisi Wakongomani tulijivunia kuwa na mtu wetu pale juu. Yeye hakujivunia sisi. Nilipojisahau nikasema "iko watu wanangoja," alisimamisha somo. "Kuna watu, Neema. Kuna. Hii lugha ina wenyewe." Darasa lilicheka hata wale Wazulu na Wahindi ambao hawakujua kilichosemwa. Kwa ujinga wangu nilidhani ananisahihisha kwa upendo.

Mwalimu mwingine alikuwa Madamu Zubeda. Alitoka Chatsworth, pembezoni mwa Durban, kwenye jamii ya wale wanaoitwa Wazanzibari, ambao serikali ya zamani iliwahamishia kule. Kiswahili chake kilikuwa maneno machache aliyoyaokota kwa nyanya yake: njoo, maji, polepole. Mengine yote alisema kwa Kiingereza, nami nayaandika hapa kwa lugha yangu. Wanafunzi hawakumpenda. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakusifu kitu. Ukimpelekea nguo, jambo la kwanza aliigeuza ndani nje. "Nje ni kwa ajili ya mteja," alisema. "Ndani ndiko ninakokuona wewe." Akiona mshono mbaya alisema neno moja tu: fumua. Halafu alivuta kiti, akakaa mkabala nawe, akachukua upande wa pili wa mshono na kuanza kufumua naye. Wakati ule niliona anatusimamia kama askari. Ilibidi niugue ndipo nielewe kwamba hakuwahi kumwacha mtu afumue peke yake.

Kikohozi kilianza wakati wa joto kali, Februari ile ambayo nguo hazikauki kwenye kamba. Nilidhani ni vumbi la vitambaa. Usiku nililoa jasho, nikalaumu hali ya hewa. Sketi zikaanza kunivuka kiunoni, na mimi, kwa kuwa ni fundi, nilizipunguza nikafurahi. Madamu Zubeda ndiye aliyenikamata karibu na meza ya pasi.

"Sketi hiyo umeipunguza tena?"

"Ndiyo, Madamu."

Alishika ukingo wa kiuno, akahesabu mistari ya mishono ya zamani kwa kidole chake. "Kesho usije hapa. Nenda kliniki. Ukija bila kupimwa nitakurudisha mlangoni."

Nilimchukia kidogo kwa hilo. Kesho yake nilikaa kwenye benchi la kliniki, chini ya paa la mabati lisilo na kuta, mahali wanapokaa wenye kikohozi. Mtu aliyewahi kukaa pale anajua jinsi watu wanavyoacha nafasi kati yao, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Nilipewa kikopo, nikaenda nyuma ya jengo kutoa makohozi. Majibu yalipokuja, sista alinifungia mlango na kunieleza taratibu: kifua kikuu, tena kile sugu, kinachovikataa vidonge vya kawaida. Ningelazwa mara kitanda kikipatikana. Niliuliza juu ya watoto wa Yaya, juu ya sahani, juu ya nguo ninazoshona. Akasema watoto wapelekwe kupimwa haraka, nivae barakoa, madirisha yawe wazi. Sahani na nguo hazina kosa.

Nilikwenda ofisini kwa Mwalimu Nzioka. Nilisimama mlangoni nikiwa na barakoa, nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sababu mambo mazito siwezi kuyasema kwa lugha nyingine. Nilimwomba ruhusa ya kuondoka. Nilimwomba pia asimwambie mtu mpaka mimi mwenyewe niwaeleze wenzangu, ili wakapimwe bila kuogopeshwa.

"Usiwe na wasiwasi, dada yangu," alisema. "Njoo kesho saa ya chakula, darasa likiwa tupu, uchukue vitu vyako."

Nilikuja saa aliyosema. Darasa lilikuwa limejaa. Alikuwa amewazuia wote wasitoke, naye amesimama mbele, madirisha yote wazi.

"Huyu mwenzenu," alisema kwa Kiingereza, "ana kifua kikuu kile kisichosikia dawa. Amekuwa akikohoa humu kwa wiki nyingi bila kusema. Kila aliyekaa karibu naye anyooshe mkono."

Mikono ilinyooka. Msichana mmoja akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimejua habari hiyo kwa siku moja.

Koti langu lilikuwa limevalishwa mwanasesere wa kupimia nguo karibu na dirisha. Lilikuwa la sufu ya kahawia, lenye bitana ya hariri ambayo Yaya alininunulia kwa kazi ya mikono yake. Mwalimu Nzioka alilionyesha kwa kalamu. "Hilo nalo. Nenda ukalitupe kwenye pipa kubwa la nje."

"Mwalimu, sista amesema nguo haiambukizi."

"Sista si mkuu wa idara hii."

Nilimvua mwanasesere lile koti taratibu, nikalikunja kama mtu anayekunja nguo ya marehemu, nikatoka nalo. Kwenye korido nilikutana na Madamu Zubeda, mikono imejaa vitambaa. Alitazama koti, akatazama mlango wa darasa uliokuwa wazi nyuma yangu.

"Nani amekuambia ulitoe?"

"Yeye."

Aliweka vitambaa vyake sakafuni, akaingia darasani. Nilimsikia akisema kwa sauti, lakini sikungoja. Nilitaka kutoka pale kabla watu hawajaniona nikilia. Alipokuja kulitafuta koti lile pipani jioni, lori la taka lilikuwa limekwisha kupita.

Hapo ningeweza kumsamehe Nzioka, labda. Mtu akiogopa hufanya mambo ya ajabu. Lakini Jumapili iliyofuata alisimama kanisani wakati wa matangazo, akasema kwa kile Kiswahili chake kizuri kwamba familia zijihadhari na nyumba fulani, na akaitaja fleti yetu, "kwa ajili ya usalama wa watoto wetu." Yaya Esperance alikuwa ameketi kwenye safu ya mbele na wanawe wote wawili. Wiki ile ile wateja wake wa kusuka walianza kumkwepa. Mwenye saluni alimwambia apumzike kwanza. Watoto walipimwa, hawakuwa na kitu, lakini habari ya kupona haikimbii kama habari ya kuugua.

Shemeji yangu, mume wa Yaya, hakupiga kelele. Alisimama kwenye mlango wa chumba nilicholala, shati limefunika pua.

"Neema, mimi sikukatai. Lakini hapa iko watoto. Utanielewa."

"Kitanda kitapatikana wiki hii, shemeji."

"Na ukitoka kule?"

Yaya alikuwa jikoni, anaosha sahani yangu kwa maji ya moto, peke yake, mbali na nyingine. Alisikia, na hakusema kitu. Nilikaa na kimya chake kifuani muda mrefu kuliko nilivyokaa na ugonjwa.

Hospitali niliyolazwa iko kwenye kilima, na majira ya baridi yalipoingia upepo ulipita wodini kama mwenye nyumba, maana madirisha yalikuwa hayafungwi. Tulilala na kofia za sufu. Vidonge vilikuja asubuhi kwenye kikombe cha plastiki, wingi wake wa kujaza kiganja, na sista alisimama mpaka avione vimeshuka. Uji ulikuwa na ladha ya sarafu. Baada ya muda dawa zilianza kuigeuza ngozi yangu, ikawa nyeusi kwa namna isiyo yangu, yenye wekundu ndani yake, kama kitu kilichoachwa kwenye moshi. Niliacha kujitazama kwenye kioo cha bafuni. Mama mmoja Mzulu kitanda cha jirani aliniona nikikikwepa, akaniambia, akiniita dada kwa Kizulu, "Itarudi, sisi. Yangu inarudi," akanionyesha mkono wake juu ya kiwiko. Sikumwamini, ila alinionyesha tena kila juma, bila kuombwa.

Nikawa namuwaza Mwalimu Nzioka. Niwaambie ukweli nyinyi mnaoumwa: watu watawaambia chuki inazuia dawa kufanya kazi. Kwangu ilikuwa chakula. Siku ambazo tumbo lilirudisha kila kitu, nilimfikiria akisahihisha Kiswahili changu, nikaomba vidonge vingine, nikameza. Nilimpangia maneno. Nilimwona akianguka kwenye ngazi za chuo. Nilimwona anakohoa.

Jumamosi moja niliitwa uani, ambako wageni walikaa kwenye jua, mbali kidogo na wagonjwa. Nilidhani ni Yaya. Alikuwa Madamu Zubeda, amevaa barakoa, ana mfuko wa marekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, pamoja na mkasi, sindano na karatasi. Alitoka Chatsworth kwa taxi mbili, zile daladala za huku.

Hakuniuliza ninaendeleaje. Aliweka mfuko kwenye benchi katikati yetu, akarudi nyuma akakaa mahali pake. "Kata kola," alisema.

"Madamu, mimi sijui kama nitarudi chuoni."

"Sijakuuliza. Kata kola."

Nilikata. Aliichukua, akaigeuza. "Mbaya. Kata nyingine."

Nililia kwa hasira, nikamwambia ana moyo wa jiwe, nikamwambia kwamba mtu aliyefukuzwa kama mbwa hahitaji kola. Aliacha nimalize.

"Unamfikiria yule bwana?" aliuliza.

"Kila saa."

"Sawa. Mfikirie. Lakini mikono ikate wakati unamfikiria." Kisha akasema, akitazama uzio, "Niliona. Nilikuwa pale. Siku utakayotaka kusema, mimi nitasema."

Nilijua maana yake. Mkataba wake wa kazi ulisainiwa kila mwaka na mkuu wa idara, naye alikuwa mjane mwenye mama mzee ndani.

Alikuja karibu kila Jumamosi baridi yote ile. Nimekaa na watu wema wengi tangu wakati huo, watu walioniletea maua, matunda na maombi, nikawashukuru. Lakini wote walikuja kumwona mgonjwa. Huyu peke yake alikuja kumwona mwanafunzi wake. Alinipa kazi ya nyumbani wodini. Aliikosoa kwa ukali ule ule aliowakosoa nao wazima. Kwa saa moja kwa juma, nilikuwa mtu ambaye kosa lake kubwa ni kola.

Halafu ganzi ikaja. Ilianza kwenye vidole vya miguu, ikapanda, ikaingia mikononi. Nilikuwa nikishona nikaona doa jekundu linatanuka kwenye marekani, nikatafuta limetoka wapi. Sindano ilikuwa imesimama ndani ya kidole changu na mimi sijasikia kitu. Nilificha. Niliogopa kwamba wakinipunguzia dawa sitapona, na nisipopona Nzioka atakuwa ameshinda. Nilishona kwa kutazama, kwa kuwa kugusa hakukunisaidia tena.

Jumamosi iliyofuata Madamu aliinua mkono wa koti niliokuwa nimeushonea mapambo, akaukaribisha kwenye miwani.

"Huu ni uzi gani?"

"Kahawia, Madamu. Ule ulioniletea."

"Hapa ni kahawia. Kuanzia hapa mpaka hapa ni kijani."

Nilitazama. Kwangu zilikuwa rangi moja, rangi ya tope. Alichukua mikono yangu, mara ya kwanza kunigusa, akaona matundu ya sindano kwenye vidole. Hakunikaripia. Alisimama, akanishika kiwiko, akanipeleka moja kwa moja kwa sista wa zamu, akamwekea ule mkono wa koti mezani. Sista alimsikiliza mpaka mwisho, akampigia daktari simu. Jumatatu nilionyeshwa kitabu cha madoa ya rangi, kile ambacho mtu mwenye macho mazima anaona tarakimu ndani yake. Sikuona tarakimu. Kidonge kimoja kiliondolewa siku hiyo hiyo, kikawekwa kingine. Daktari alisema ningechelewa zaidi ningepofuka. Rangi zilirudi polepole, nyekundu kwanza. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havijarudi mpaka leo, na miguu yangu bado inakanyaga kama imevaa soksi.

Kwa hiyo, wewe unayesoma haya ukiwa na vidonge kiganjani, usifiche ganzi. Usifiche macho. Waambie. Chuki yako itakungoja, haiendi popote.

Makohozi yangu yalipokuwa safi niliruhusiwa kutoka, na kliniki ikaendelea kunipa dawa. Sikurudi kwa Yaya. Nilipata chumba cha uani Cato Manor, kwa mama mmoja aliyewahi kuugua mwenyewe na asiyeuliza maswali. Asubuhi nilikaa kwenye benchi la kliniki, nikameza mbele ya sista, nikarudi kulala. Yaya alianza kuja. Mara ya kwanza alisimama nje ya lango na mfuko wa unga wa fufu. Nywele zangu zilikuwa zimekatika vibaya.

"Kaa," alisema. "Nikusuke."

Alinisuka uani, juani, vidole vyake kichwani mwangu mchana mzima. Tulipokaribia kumaliza alisema, "Siku ile jikoni nilipaswa kuongea, mdogo wangu." Nikasema, "Ulipaswa." Akaendelea kusuka. Hayo yalitutosha.

Nilimeza kidonge cha mwisho wakati wa mvua za mwisho wa mwaka. Mwaka mpya ulipoanza nilirudi chuoni, na siku ile ile, kabla sijakalia cherehani, nilikwenda kwa uongozi nikatoa malalamiko rasmi dhidi ya Mwalimu Nzioka.

Mchungaji wa kanisa letu alikuja kwangu kabla ya juma kwisha. Alizungumza juu ya kusamehe, taratibu, kwa huruma. Nilimpa chai. Nikamuuliza, siku ya yale matangazo alikuwa amekaa upande gani wa madhabahu. Aliinywa chai yake akaondoka.

Nzioka mwenyewe alinisubiri kwenye korido siku ya kikao cha kusikiliza malalamiko. Alikuwa amekonda, suti inamning'inia, na mimi fundi nikaona haraka kwamba hakuna aliyeipunguza.

"Dada yangu," alisema kwa Kiswahili, "sisi ni watu wa lugha moja katika nchi ya watu. Mambo ya nyumbani tuyamalize nyumbani."

"Iko watu wanangoja ndani, Mwalimu," nikamjibu.

Ndani alikana. Alisema darasa lilikuwa limejaa kwa bahati mbaya, kwamba koti nililitupa mwenyewe kwa hiari, kwa kuwajali wenzangu. Alisema vizuri sana. Mwenyekiti, mama mwenye mvi, alikuwa anaanza kutikisa kichwa kumkubali. Ndipo Madamu Zubeda akasimama bila kuitwa. Hakumtukana. Alieleza alichokiona koridoni, alichokikuta darasani, na maneno aliyojibiwa alipoingia kumpinga: kwamba na yeye aangalie mkataba wake. Mwenyekiti alimuuliza kwa nini alinyamaza mwaka mzima.

"Nilikuwa nangoja mwanafunzi wangu apone," alisema. "Jambo ni lake. Sikutaka lisemwe bila yeye."

Waliitwa wanafunzi wengine. Mmoja baada ya mwingine, wale walionyoosha mikono siku ile, walisema yaliyotokea. Nzioka aliondolewa ukuu wa idara, akaamriwa aombe radhi darasani. Aliisoma radhi yake kwa Kiingereza cha haraka, macho kwenye karatasi. Watu walinipongeza. Mimi nilikuwa na njaa bado.

Nilimwambia mchungaji kwamba kama alitaka msamaha kanisani, basi na dhambi itajwe kanisani. Nzioka alikataa kwa majuma. Nadhani mkewe ndiye aliyemlazimisha, maana Jumapili aliyosimama mkewe alikuwa amekaa safu ya nyuma, hakumtazama.

"Ninaomba radhi," alianza, "kwa yeyote aliyeumia kutokana na maneno yangu."

Nilisimama. "Taja jina langu," nikasema.

"Neema," alisema.

"Taja ulichofanya."

Alikitaja. Darasa, siri, koti. Sauti yake ilipungua kadiri alivyoendelea.

"Taja dada yangu."

"Esperance," alisema, na alipofika hapo akashindwa, akashika mimbari. Nilimwangalia akilia mbele ya watu wote. Nilikuwa nimeambiwa kwamba siku hiyo nitamwonea huruma na moyo utakuwa mtupu. Haikuwa hivyo. Moyo ulijaa. Nilikaa, nikaimba wimbo uliofuata kwa mapafu yangu yote mawili.

Wateja wa Yaya walirudi wiki ile, mmoja mmoja, na maneno matamu. Yaya aliwakalisha kwenye benchi, akawasuka kwanza wateja wageni wote, mpaka jioni. Hakuna aliyethubutu kulalamika.

Nilishona koti lingine, na lilinipatia kazi Queensburgh, kwa mama anayeshona nguo za harusi. Vidole vyangu viwili vilivyokufa huvifunika kwa tondoo, vile vikofia vya mafundi vya kidoleni; mabibi harusi hawajui. Madamu Zubeda bado anafundisha. Mkataba wake sasa unasainiwa na mtu mwingine, na wanafunzi wapya wananiambia bado hapendwi.

Mwezi uliopita tulipanga kukutana kwenye duka la vifungo mjini, ghorofa ya nne ya jengo moja la zamani. Niliingia kwenye lifti, na kabla mlango haujajifunga akaingia Nzioka. Tulikuwa wawili tu. Alisema, "Habari yako, Neema," akiwa ametazama namba za ghorofa. Mimi nimepona. Vipimo vyote vimesema hivyo, mapafu yangu ni safi kama yake. Nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa kina, kutoka chini kabisa, kama nilivyokuwa nakohoa zamani. Alibonyeza kitufe cha kwanza alichokiona, akashuka ghorofa ya pili, ambako hakuna kitu isipokuwa ghala la mazulia.

Nilifika juu nikicheka mpaka machozi. Madamu Zubeda alikuwa amekwisha kutandaza vifungo kwenye kaunta. Nilimsimulia yote. Hakucheka. Aliinua kifungo kimoja kwenye mwanga, akakikagua mgongo wake.

"Ulifunika mdomo?" aliuliza.

"Hapana, Madamu."

"Siku nyingine funika," alisema, akanisogezea vifungo nichague.